Kikaango cha Dada Yangu

Muuzaji aliniuliza kama nina mtoto mdogo nyumbani. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya duka lake, katikati ya mji wa Nakuru, nimeweka kiganja ubavuni mwa air fryer, kikaango cha umeme, aliyoniwashia dakika kumi nzima ili nione inapata moto kiasi gani kwa nje.

"Sina," nikamwambia. "Ni ya mtu mzima."

"Basi hakuna shida, madam. Mtu mzima anajua mahali kuna moto."

"Na akiiangukia?"

"Aiangukie aje?"

"Aanguke nayo. Yeye chini, na hii kitu juu yake."

Aliacha kutabasamu. Akachomoa waya, akainua ile mashine, akaiinamisha mbele yangu. Droo iliteleza ikatoka yote, kikapu cheusi kikaanguka kwenye kaunta kwa kishindo. "Droo ikitoka, inajizima yenyewe," akasema. "Kikapu kitamchoma akikishika, siwezi kukudanganya. Lakini hakuna mafuta ya kumwagika. Unaweka kijiko kimoja tu."

Hakuna mafuta ya kumwagika. Nilimwomba aseme tena.

Dada yangu alikuwa kifungua mimba, akanizidi miaka kumi na mmoja. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la tatu, na baba, ambaye baba yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka magharibi, alikuwa mtu wa zamu kiwandani. Alikuja nyumbani kulala. Aliyenilea ni dada. Alinilea kwa mandazi. Kila asubuhi, kabla jua halijatoka, aliwasha jiko la makaa katika kibanda chetu kando ya lango la ploti ya nyumba za kupanga, mtaani Free Area, akaweka karai la mafuta, na kufikia saa moja mabawabu waliotoka zamu na wanafunzi waliochelewa walikuwa wamemaliza beseni la kwanza. Karo yangu ilitoka hapo. Hata viatu nilivyovaa siku ya kwanza ya kufundisha vilitoka hapo.

Alikuwa na kifafa tangu akiwa msichana. Nyumbani hatukulitumia neno hilo. Tulisema "kuanguka". "Leo ameanguka?" baba aliuliza akivua viatu, nasi tukajibu ndiyo au hapana, kama tunavyojibu kuhusu mvua. Kilichomsaidia ni kwamba mwili wake ulimpa ishara. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilianza kuchezacheza. Akikiona tu, aliondoka mbele ya jiko, akaketi chini akiegemea ukuta, akangoja. Wateja wa siku nyingi walijua la kufanya. Mmoja alikunja koti akamwekea chini ya kichwa, mwingine akageuza mandazi yasiungue. Alipozinduka walimwambia pole, wakalipa, wakaenda kazini.

Tembe za hospitali zilimsaidia lakini zilimletea usingizi, na mandazi hayangoji mtu aamke saa mbili. Bila kuniambia, akaanza kumeza nusu. Nilikuja kuligundua hilo baadaye, nilipopata vile vipande vilivyobaki ndani ya kopo la baking powder, vimekatwa kwa kisu, vimepangwa.

Ilikuwa msimu wa mvua. Maji yalikuwa yanaingia kibandani upande wa mbele, kwa hiyo alisogeza jiko hadi kwenye kona, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kuketi. Sijui kama kidole kilicheza kabla hajaanguka na karai la mafuta kumwagika juu yake. Yeye mwenyewe hakukumbuka. Mimi nilikuwa mbele ya darasa la sita, chaki mkononi, jirani aliponipigia simu, na kitu cha kwanza nilichosikia si sauti yake bali sauti ya dada nyuma yake.

Sitaeleza ile wodi. Nitasema tu kwamba alikaa huko miezi miwili na nusu, kwamba walichuna ngozi ya paja wakaibandika mkononi, na kwamba kaka yetu, anayetengeneza magurudumu ya malori Salgaa na ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika baba, alisimama kwenye korido siku za kubadilisha bandeji akiwa amejiziba masikio. Dada alitoka na mkono wa kulia uliojikunja, vidole viwili vya mwisho vimeshikana, na kovu lililopanda hadi shingoni likavuta sikio chini kidogo.

Kaka alikuja na pikapu ya rafiki yake, akachukua jiko, karai, mwiko na gunia la makaa, akavipeleka Salgaa.

"Huyu hashiki moto tena," akaniambia. "Umesikia? Hata kibiriti."

Nikasema sawa. Dada alikuwa kwenye kiti, mita mbili kutoka tulipokuwa tumesimama. Hakuna aliyemgeukia.

Alihamia kwangu, nyumba ya vyumba viwili katika ploti hiyo yenye lango la kibanda, hapo hapo Free Area. Niliishi peke yangu, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Mtungi wa gesi nilikuwa nikiufunga na regulata yake, kile kichwa cha kufungulia gesi, naitia kwenye mkoba wangu, naenda nayo shuleni. Asubuhi nilimwachia chai kwenye thermos, mkate, na chakula cha jana kwenye bakuli lililofunikwa. Alikula wali baridi na maharagwe baridi miezi mitano. Hakulalamika. Alianza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mgeni akibisha, hakufungua, na nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nimfungulie nimpe nini? Chai yako ya thermos?"

Siku moja ya Jumatano nilirudi nikakuta amemenya viazi vyote vilivyokuwa nyumbani. Nilikuwa nimenunua ndoo nzima, ya wiki mbili. Alikuwa amevimenya kwa mkono wa kushoto, polepole, akavikata vipande sawasawa, akavitia kwenye beseni la maji, na sasa alikuwa ameketi mbele ya beseni, mikono mapajani.

"Vya nini vyote hivi?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Nilitaka tu kushika kitu cha kupikwa."

Ndipo nikakumbuka mwalimu mwenzangu aliyekuwa akijisifu chumbani mwa walimu kwamba siku hizi anakaanga bila jiko. Jumamosi hiyo nikaenda mjini.

Kulikuwa na mbili kwenye rafu nilizoweza kuzifikiria. Moja ilikuwa kubwa, yenye kidirisha cha kioo cha kuchungulia ndani na maandishi yanayowaka unayoyagusa kwa kidole. Nyingine ilikuwa ya bei ya chini, ndogo kama ndoo ya rangi, yenye swichi mbili za kuzungusha, moja ya joto na nyingine ya dakika, na kengele inayolia mara moja muda ukiisha. Ile kubwa ilinishinda bei, hilo ni kweli, lakini hata ningekuwa na uwezo ningesita. Vidole vya dada vilikuwa havitambuliwi na kioo. Simu yake aliigusa mara tatu, mara nne, kisha akaninyooshea nimpigie. Swichi ya kuzungusha angeiweza hata kwa kiganja.

Ubaya wa ile ndogo niliuona wote. Kikapu kingetosha viazi vya mtu mmoja na nusu. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo ingelazimika kukaa karibu na soketi tupende tusipende. Mpini wa droo ulicheza ukiushika. Yule mwalimu alikuwa ameniambia ya kwake, ya aina hiyo hiyo, ilianza kubambuka weusi wa ndani baada ya miezi michache, na hakujua kama anaula. Niliyaweka hayo yote upande mmoja. Upande wa pili niliweka mafuta ya karai. Sikuhitaji kufikiri sana.

Nilimwita fundi wa mbao akanitengenezea kibao kifupi, kisichofika hata gotini, tukakiweka karibu na soketi ya sebuleni. Niliona kwamba kitu kilichoko chini hakiwezi kumwangukia mtu. Nikampa dada masharti: awashe nikiwa nyumbani tu, akae kwenye kiti wakati inapika, na asiitoe droo mpaka mashine itulie. Alinisikiliza kama mtoto wa darasa langu.

"Na kupumua nipumue?" akauliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mara ya kwanza nyumba ilinuka plastiki hadi tukafungua madirisha. Mara ya pili alipika viazi. Vilikuwa vikavu nje na vya unga ndani, vimeungua pembeni. Alitafuna kimoja kwa muda mrefu. "Hii ni kama kula daftari," akasema. Lakini aliviweka kwenye sahani, akanyunyiza chumvi, akaleta sahani mezani kwa mikono yake, akasema, "Karibu chakula," na mimi nikala vyote. Ilikuwa zaidi ya miezi saba tangu aseme neno hilo.

Akajifunza. Mabawa ya kuku yalitoka vizuri kuliko tulivyotarajia. Viazi vitamu pia, na samaki wadogo aliowapaka ndimu. Mandazi ndiyo yalimshinda. Alijaribu unga laini, ukadondoka kwenye matundu ya kikapu ukaungua chini. Akajaribu unga mgumu, yakatoka manne manne, yamevimba upande mmoja, yana rangi ya kadibodi. Alishinda nayo Jumapili nzima mpaka akajaza beseni, akafunika kwa kitambaa, akaenda kuketi langoni mahali kibanda kilipokuwa. Nilimwona kutoka dirishani. Bawabu mmoja, mteja wa miaka mingi, alisimama, akamshika mkono ule mzima, akanunua moja. Akalivunja katikati.

"Mathe," akasema, kwa upole kabisa, "hizi ni mandazi ama ni mkate?"

Akalipa mawili, akachukua hilo moja. Dada alirudi na beseni. Tuliyala siku nne, tukiyalowesha kwenye chai, na hakutaja tena kuuza.

Kilichofuata kilitokana na stima. Ploti yetu ilikuwa na laini moja ya zamani, na ile mashine ilikula umeme kuliko nilivyodhani. Jioni, watu wote wakiwa wamewasha pasi na heta, dada akizungusha swichi tu, nyumba kumi na mbili zilizimika. Ikatokea mara ya pili, mara ya tatu. Keateka, msimamizi wa ploti, alikuja mlangoni.

"Madam, hiyo kitu yenu inaangusha stima ya ploti nzima. Watu wamechoka. Itumieni mchana, watu wakiwa job, ama muitoe."

Mchana nami nilikuwa kazini. Nilimwambia dada tungoje wikendi. Jumatatu nilipotoka asubuhi nilimwona akiitazama ile mashine kwenye kibao chake, na nilijua kwamba nikifunga mlango ataketi hapo hadi saa kumi. Nikarudi kutoka kwenye ngazi.

"Washa ukitaka," nikamwambia. "Lakini meza dawa. Tembe nzima. Mbele yangu."

Akameza nzima, akafungua mdomo kunionyesha ulimi, kama wafanyavyo wodini. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikirudi nyumbani nikikuta chakula.

Kaka alikuja kututembelea mwezi uliofuata. Aliletewa sahani ya kuku, akala, akasifu. Kisha akauliza nilipika saa ngapi ilhali ndiyo kwanza nimeingia. Dada akasema, "Nimepika mimi."

Kaka aliweka mfupa chini. Alinigeukia mimi, si yeye. "Unamwacha na hiyo kitu peke yake? Mchana kutwa?"

"Haina mafuta," nikasema. "Nimeipima."

"Umepima nini? Wewe ni fundi? Mimi ndiye nilikuwa kwenye korido wakibandua hiyo ngozi. Wewe ulikuwa unafundisha. Siku utampata juu ya hiyo mashine, usinipigie simu."

"Mimi niko hapa," dada akasema.

Tukamgeukia.

"Niko hapa na ninasikia. Nikianguka nitaanguka. Niliwalea nyinyi wawili nikianguka. Mnaniogopea, nimeshukuru. Lakini mtu hawezi kukaa kwenye kiti mpaka afe." Akachukua sahani ya kaka, akaipeleka jikoni, akaanza kuiosha. Kaka aliondoka bila kunywa chai.

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho wao kuonana.

Alikufa siku ya Alhamisi. Asubuhi nilikuwa nimesema sina hamu ya kula, tumbo lilikuwa linanisumbua, naye aliniuliza kama ningeweza kula viazi vitamu. Nikasema labda. Saa kumi nilitoka shuleni, nikapitia sokoni kununua vitunguu, nikakutana na mzazi wa mwanafunzi, tukaongea kuhusu mtihani. Niliongea naye kwa adabu, sikuwa na haraka. Nilipofungua mlango harufu ya viazi vitamu ilinipokea, tamu, na nikaita. Kiti chake kilikuwa kitupu. Swichi ya dakika ilikuwa imerudi kwenye sufuri.

Nikaita tena, nikaenda bafuni.

Alikuwa ameloweka nguo kwenye beseni kubwa, zake na zangu. Alikuwa amepiga magoti, na alikuwa ameangukia mbele. Maji hayakufika hata kiwiko changu nilipoutia mkono. Nilimtoa, nikamlaza chali, nikafanya yote niliyowahi kusikia, nikapiga kelele, jirani wa juu akaja, kisha keateka, kisha watu wengi. Keateka ndiye aliyenishika mabega akasema, "Madam, wacha. Wacha sasa."

Wakati tukingoja gari, nilikwenda sebuleni na bila kujua ninafanya nini nikaweka kiganja ubavuni mwa ile mashine. Ilikuwa bado na joto. Nimelifikiria joto lile kuliko nilivyofikiria kitu kingine chochote maishani mwangu. Nilijua inachukua muda gani kupoa. Nilijua nimesimama sokoni kwa muda gani.

Siku dada alipotoka hospitalini baada ya kuungua, muuguzi alikuwa ametuketisha sisi watatu akatuambia mambo ambayo mtu wa kuanguka anapaswa kujihadhari nayo: moto, maji, na mahali pa juu. Aliyataja yote matatu. Alikuwa na karatasi yenye picha. Sisi, kwa sababu ya tuliyokuwa tumeyaona, tulisikia moto. Nilibeba regulata kwenye mkoba, nikapima mashine dukani, nikamwita fundi wa mbao. Beseni lilikuwa pale bafuni, la bluu, nami nililijaza maji kwa mikono yangu kila asubuhi, bomba likiwa bado linatoa, ili asihangaike.

Mazishini, nyumbani kwa babu huko magharibi, habari ilikuwa imefika kabla yetu na ilikuwa imegeuka. Shangazi mmoja aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli dada alipigwa na stima. Mwingine alisema hizi mashine za bei rahisi ndizo zinamaliza watu. Kaka alikuwa amesimama karibu. Yeye ndiye aliyekuwa amewaambia. Ningeweza kusema ni beseni, ni maji ya kufua. Sikusema. Kama ni mashine, basi ni mimi niliyeinunua, na kama ni beseni, ni mimi niliyelijaza. Sikuona tofauti ya kupigania mbele ya jeneza.

Hatukuongea, mimi na kaka, kwa muda mrefu. Ile mashine nilimpa mwalimu mwenzangu, yule ambaye ya kwake ilibambuka. Nilimwambia ukweli wote kabla hajaichukua. Alifikiri kidogo, kisha akasema ataichukua. Sikumlaumu. Ilikuwa inafanya kazi.

Watu huniuliza, wale wachache wanaojua, kama ningeamua vingine, nimzuie kila kazi akae tu kwenye kiti. Nimejaribu kujibu kwa uaminifu. Kungekuwa na siku nyingi zaidi, pengine miaka, za wali baridi na vyombo safi vinavyooshwa tena. Angekuwa hai. Siwezi kusema hilo ni dogo. Lakini nilimwona akibeba sahani ile ya kwanza, na pia siwezi kusema hilo ni dogo. Mizani ya namna hiyo haitulii. Nikiamka naikuta imeegemea huku, jioni imeegemea kule.

Kaka alikuja Jumapili moja bila kupiga simu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, mikono yake myeusi ya grisi ya Salgaa ambayo haitoki hata kwa sabuni.

"Alikuwa anapika nini?" akauliza.

"Viazi vitamu."

"Vilikuwa vimeiva?"

"Vilikuwa vimeiva."

Akaingia. Baada ya muda akauliza nguo za dada ziko wapi, nikamwonyesha sanduku, na kando ya sanduku mfuko wa plastiki. Ndani yake zilikuwa zile zilizokuwa kwenye beseni. Mtu alizikamua siku ile akazitia humo, nami sikuwahi kuufungua. Zilikuwa zimekauka zikakakamaa, zimeota ukungu wa kijivu, zinanuka. Kaka alikunja mikono ya shati, akaubeba mfuko hadi nje kwenye bomba la ploti, nami nikafuata na sabuni. Hatukutumia beseni. Tulizifua chini ya maji yanayotiririka, moja moja, yeye akisugua na mimi nikisuuza: kitenge chake cha kahawia, sweta yangu ya kazini, soksi. Ukungu haukutoka wote. Tulizianika kwenye kamba. Keateka alipita akauliza kama tunahama, na kaka akamjibu kwamba hatuhami, ni nguo za dada yetu tunafua. Kulikuwa na jua kali na upepo wenye vumbi. Tukakaa kwenye ngazi kuzilinda mpaka zikauke.